Binti Yangu Anaiuliza Simu Mambo Asiyoniuliza Mimi

SWALI: Muuguzi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, ninaishi Korogwe. Nyumbani tuna simu moja ndogo ya tochi, ambayo ni yangu, ila binti yangu wa miaka 15 na kaka yake wa miaka 17 huiazima. Juzi, nikitafuta ujumbe wa fedha za kikoba, nilikuta ujumbe unaoeleza kwamba msichana anaweza kushika mimba hata akikutana na mwanamume mara moja tu, na kwamba akitaka maelezo zaidi ajibu kwa kutuma namba. Nilitetemeka. Sijamwambia neno, lakini simu nimeifungia kabatini. Je, huduma hizi za elimu ya uzazi kwa ujumbe wa simu hazimfundishi mtoto mambo kabla ya wakati wake?

JIBU: Marahaba, mama. Pole kwa mshtuko, na nakuomba kwanza uitoe simu kabatini, kwa sababu ujumbe ulioukuta unasema kweli, na binti yako ameuliza jambo ambalo wengi hulijua wakiwa wamekwisha chelewa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba, kati ya kila wasichana 100 wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 19, 22 walikuwa tayari wamewahi kushika mimba.

Huduma za namna hiyo si ngeni kwetu. Mojawapo, iitwayo m4RH, kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya simu kwa afya ya uzazi, ilianza kutumika Kenya na Tanzania takriban mwaka 2010, kisha Rwanda wakaitengeneza upya kwa ajili ya vijana, wakaongeza habari za balehe, mimba na VVU. Utaratibu wake ni mwepesi: mtu hutuma neno, hupokea orodha yenye namba, huchagua namba ya jambo analotaka kulijua, na jibu huja kwa maneno machache yanayoingia hata katika simu kama yako isiyo na intaneti. Haimuulizi jina, haimuulizi ni binti wa nani, wala haimkunjii uso. Nimekaa dirishani kliniki miaka mingi, nikaona wasichana wakifika hadi mlangoni, wakamwona jirani kwenye benchi, wakageuka kana kwamba wamepotea njia. Kwa hiyo ninajua thamani ya jibu linalopatikana bila kuonwa na mtu.

Hofu yako ya kumwahisha mtoto ninaiheshimu, lakini mwongozo wa UNESCO, shirika la elimu la Umoja wa Mataifa, wa mwaka 2018, uliopitia tafiti nyingi, unaeleza kwamba elimu ya ujinsia haiharakishi vijana kuanza ngono. Tena, mama, jadi yetu haikumwachia mama mzazi peke yake kazi hii: palikuwa na somo, yaani mwanamke wa kumfunda msichana, palikuwa na kungwi, palikuwa na bibi, maana wazee walijua kwamba mwana humwonea mamaye haya. Simu imekalia kiti ambacho tumekiacha wazi, na haikitoshi. Kungwi alimtazama mwari machoni, akamuuliza kama ameelewa, akamrudia kesho yake. Simu hujibu alichoulizwa tu, na haiwezi kujua kwamba swali la binti huyu limetokana na somo la baiolojia au na mtu anayemsumbua njiani akitoka shule.

Hapo ndipo unapohitajika wewe, au shangazi yake mnayemwamini. Mwambie kwa sauti ya kawaida, mkiwa mnachambua mchicha, kwamba uliona ujumbe, hukukasirika, na kama kuna mtu anayemlazimisha jambo lolote akuambie siku hiyohiyo. Ninasisitiza siku hiyohiyo kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianzwe ndani ya saa 72 tangu tukio, na vidonge vya dharura vya kuzuia mimba havizidi siku 5, navyo hufanya kazi vizuri zaidi vikiwahiwa. Ujumbe waweza kumtajia saa hizo. Dawa hutolewa na mtu kituoni. Ajue pia kwamba namba 116 hupokea simu za watoto bila malipo, na kwamba tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2019, kijana wa miaka 15 anaweza kupima VVU bila kibali cha mzazi.

Muahidi pia kwamba hutafungua jumbe zake, kisha utimize, kwani katika simu ya nyumba nzima siri yake iko mikononi mwako.

Umeniandikia habari za binti, mama, na kaka yake umemtaja kama mwazimaji wa simu tu. Huenda ni yeye aliyeuliza. Hata kama siye, mimba haitungwi na msichana peke yake, na mvulana wa miaka 17 anahitaji majibu hayahaya. Mkalishe naye, au umwombe mjomba wake amkalishe, wiki hiihii.