Papa wa siku 22: uanzie wapi?

Ndugu, umesema umepangiwa kuwaeleza wanakwaya wenzako habari za Papa Marcello II, na unahofia siku 22 za upapa hazikupi la kusema. La kusema lipo tele, ila usianzie kuzaliwa kwake, watasinzia.

Anzia Ijumaa Kuu ya mwaka 1555, siku tatu tu baada ya kuchaguliwa. Aliwaita waimbaji wake akawaambia uimbaji wao uendane na huzuni ya siku ile, na maneno yasikike na kueleweka. Mwaka huo Palestrina, mtunzi wa muziki, alikuwa mmoja wa waimbaji wa kikanisa cha Papa, na Misa aliyoitunga yenye jina la Marcello ilichapishwa 1567. Utakutana na wanaodai Misa hiyo ndiyo iliyookoa muziki wa sauti nyingi usipigwe marufuku. Hiyo isimulie kama hadithi, si historia.

Kisha rudi nyuma kidogo. Kabla ya upapa, Marcello akiwa Kardinali Cervini, alikuwa mmoja wa wajumbe watatu wa Papa walioongoza Mtaguso wa Trento (mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki) ulipoanza 1545. Alipopata upapa alipunguza gharama za kutawazwa na kuwazuia ndugu zake kukimbilia Roma (enzi zile mjomba akipata, ukoo mzima umepata!). Jina la ubatizo hakulibadili, na hakuna papa aliyefanya hivyo tena.

Kifo kipitie haraka: kiharusi, 1 Mei. Mrithi wake, Paulo IV, alimwondoa Palestrina kwenye uimbaji wa kikanisa cha Papa kwa sababu alikuwa na mke. Hapo jiandae kwa maswali.