Kuprogramu kompyuta ya gari kwa fundi wa mtaani

Kaka, umeuliza kama gereji ya hapa Changamwe inaweza kuprogramu upya kompyuta ya gari, au lazima uende kwa wakala wa kampuni ya gari. Inaweza, mradi fundi awe na kifaa cha J2534 (kile cha kuunganisha laptopu ya fundi na kompyuta ya gari) kinachokubali gari lako, na awe amelipia programu ya mtengenezaji. Lakini muulize kwanza habari ya umeme! Volti zikishuka katikati ya kazi, kompyuta yaweza kufa kabisa. Chaja ya kawaida haifai, umeme wake hautulii. Anahitaji pawa saplai ya kushikilia volti 13 na kitu mwanzo hadi mwisho. Betri ya gari nayo iwe nzima, maana stima ya gereji hupotea. Mimi simwachii gari fundi asiyejali hilo. Kompyuta ya mtumba? Mara nyingi imobilaiza yake, yaani kinga ya wizi, haitambui ufunguo wako, gari haliwaki.