Maswali ya Wasomaji: Transista ikifa njiani

SWALI: Kichwa cha treni ya umeme kinajuaje kwamba transista ya kigeuzi imekufa kikiwa mwendoni? – Fundi umeme, Tabora

JIBU: Kigeuzi hulisha mota umeme wa AC kwa fezi tatu, kila fezi ikiwa na transista mbili, ya juu na ya chini. Moja ikipiga shoti, saketi ya geti (inayowasha na kuzima transista) ya mwenzake huona volti haishuki mwenzake huyo akiwashwa, humzima ndani ya mikrosekunde 10 hivi. Ya kuogopa ni ile inayogoma kuwaka: treni inaendelea tu, huku mota ikitetemeka na kuchemka. Hapo kompyuta huchukua wastani wa mkondo wa kila fezi kwa mzunguko mmoja, hugawa kwa wastani wa ukubwa wake (bila kujali hasi au chanya) ili mzigo usiidanganye. Fezi isiyo na hitilafu hutoa karibu 0. Ikienda hasi, transista ya juu imekufa. Chanya, ya chini. Jumla ya mikondo ya fezi tatu isipokuwa sifuri, shuku sensa ya mkondo kwanza.