Shamba la baba bila karatasi: sisi tulisaidiwa na migomba na makaburi

Dada, pole sana kwa msiba. Unasema jirani ameingia kwenye shamba la marehemu baba yenu kule Walungu, anadai baba alilima kwa bwasa tu, yaani udongo wa kuazimwa, nanyi hamna karatasi hata moja. Kesi ya namna hiyo tuliibeba miaka mitatu kwa ajili ya shamba la babu upande wa Kabare, mimi nikipanda na kushuka kutoka Kadutu, mjini Bukavu.

Usivunjike moyo kwa sababu ya karatasi. Ni kweli sheria ya ardhi ya Kongo, ya 1973, inasema udongo ni wa Serikali, na haki juu yake inathibitishwa kwa sertifika ya uandikishaji, yaani hati ya ofisi ya ardhi. Lakini sheria hiyohiyo inatambua ardhi ambazo wenyeji wanakaa na kulima kwa desturi, na Katiba ya 2006, kifungu cha 34, inalinda mali iliyopatikana kwa sheria au kwa desturi. Ndiyo maana kesi yetu ilisikilizwa kwenye mahakama ya amani, hakimu akiwa na wazee wawili wanaojua desturi.

Na desturi kwetu Bushi, nchi ya Washi, inauliza jambo moja: ilikuwa kalinzi au bwasa? Kwa kalinzi, babu alitoa ng'ombe au mbuzi kwa mwami, yaani mtawala wa kimila, au mjumbe wake, na shamba linashuka kwa watoto. Kwa bwasa, umeazimwa udongo kwa msimu au miaka michache. Unapanda maharage, mihogo, viazi, basi. Hauruhusiwi kupanda kitu cha kudumu, kwa sababu anayepanda mti amejifanya mwenyeji. Hapo ndipo kesi yako ilipo.

Jirani yetu naye aliapa kwamba ni bwasa. Avoka (wakili) wetu akaomba mahakama ishuke shambani, na siku ile moja ilifanya kazi kuliko vikao vyote vya mjini. Baba mdogo aliwatembeza: migomba yenye mashina makuukuu, mistari ya kahawa, drasena, ile miti ya kuonyesha mpaka, zilizonenepa, kisha makaburi matatu, la babu na ya watoto wake wawili. Mzee mmoja akamgeukia jirani: "Mtu wa bwasa unamzika wapi?" Akanyamaza. Yote yaliandikwa kwenye pevi, ile ripoti rasmi ya mahakama. Omba hivyo mapema, kabla jirani yenu hajang'oa migomba. Piga picha leo, pamoja na majirani wakiwa wamesimama mpakani.

Kuna mambo mawili tuliyoyakosea, na bado yananiuma. Tulipeleka barua ya chefu (kiongozi wa kimila) iliyoandikwa baada ya ugomvi kuanza. Hakimu akatazama tarehe, na tangu hapo hata ukweli wetu ukawa unatiliwa shaka. La pili ni zito zaidi. Mzee aliyeshuhudia ng'ombe wa kalinzi akitolewa alikuwa hai kesi ilipoanza. Tulisema tutamleta kikao kijacho. Akafariki kabla hajasikilizwa. Kama kwenu bado yuko mzee wa namna hiyo, nenda kwake wiki hii, na mwombe avoka wako mahakama imsikilize upesi.

Mashahidi wengine watafute kati ya wanaopakana nanyi pande zote, kuliko ndugu zenu wa damu. Waseme waliyoyaona: nani alipanda kahawa ile, nani alivuna, nani alimfukuza mbuzi. Msiwafundishe maneno. Wawili wa kwetu walifundishwa kijito kinapopita, wakapishana mbele ya hakimu.

Na mtu asikwambie binti hawezi kudai. Kanuni ya Familia ya 1987 inaweka watoto wote wa marehemu, wa kike na wa kiume, kwenye kundi la kwanza la warithi.

Kabla ya yote hayo, pita ofisi ya ardhi uulize kama jirani ameshatengenezewa sertifika juu ya shamba hilo. Sertifika ikitimiza miaka miwili haipingwi tena. Unabaki kudai fidia tu. Ukiikuta bado changa, avoka adai faili la uchunguzi wa awali, ule ambao sheria inautaka kabla ya kutoa ardhi ya kijijini. Katika uchunguzi huo majirani na watu waliokuwa wakilima pale walipaswa kuulizwa. Kama baba yako alikuwa akilima pale na hakuna aliyemuuliza, anzeni na hapo.