Maswali na majibu ya lishe: Sili nyama, samaki, maziwa wala mayai. Nile nini usiku wa ngoma?

SWALI

Shikamoo dada. Mimi ni msichana wa miaka 26, naishi Bagamoyo na nacheza ngoma kwenye kikundi. Huu ni mwaka wa pili nimekuwa vegani: sili nyama, samaki, mayai, maziwa wala asali. Nyumbani sina shida, shida ni tukitoka. Tukiwa na onyesho TaSUBa (chuo cha sanaa cha hapa Bagamoyo) au hotelini, au tukienda kuangalia mpira kibanda umiza, kinachouzwa ni mishikaki, kuku, samaki wa kukaanga na chipsi mayai. Naishia kula chipsi kavu na soda. Je, chipsi zilizokaangwa kwenye mafuta yaliyokaangiwa kuku zina madhara kwangu? Protini nitaipataje usiku kama huo? Na kachori, bagia, vitumbua, nitajuaje kama havina mayai? Nina kilo 55. Halafu siku hizi vidole vya miguu vinaniingia ganzi, nadhani ni kwa sababu ya kucheza pekupeku. Ahsante.

Mcheza ngoma, Bagamoyo

JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Umetanguliza chipsi, ganzi ukaitupia mwishoni. Mimi nitaanza na ganzi. Mtu ambaye mwaka wa pili hajagusa chochote cha mnyama, na hajataja popote kwamba anameza vitamini B12, akiniambia vidole vinakufa ganzi, simwachi aisingizie sakafu kabla hajapimwa.

B12 hutengenezwa na bakteria, na binadamu huipata hasa kupitia nyama, samaki, mayai na maziwa. Mchicha, maharage, nazi, karanga, uyoga: hakuna hata kimoja cha kukitegemea kwa vitamini hii. Ini huwa na akiba inayoweza kumtosha mtu hata miaka kadhaa, ndiyo maana wengi huwa wazima kabisa mwaka wa kwanza wakadhani wameshavuka. Akiba ikipungua, mishipa ya fahamu huanza kulalamika: ganzi, kuchomwachomwa miguuni, kuyumba ukitembea gizani, kusahausahau, ulimi kuuma. Na mishipa inaweza kuumia hata kabla damu haijapungua. Kwa mlaji wa kunde na majani kama wewe hilo ni rahisi zaidi, kwa sababu foleti (vitamini B9) iliyomo humo huweza kuzificha dalili za upande wa damu. Hali hiyo ikiachwa muda mrefu, madhara mengine hayaponi.

Kwa hiyo wiki hii nenda hospitali. Mwambie daktari waziwazi kwamba huli chochote kitokanacho na mnyama na tangu lini, kisha omba picha kamili ya damu na kipimo cha B12. Kama maabara haina kipimo hicho, uliza kama wanaweza kutuma sampuli Dar es Salaam. Apime na sukari, kwa kuwa kisukari nacho huleta ganzi. Pima kabla hujaanza vidonge, maana ukitangulia kumeza kiwango cha kwenye damu kitapanda na daktari atapotoka.

Nakuomba pia usiingie duka la dawa ukaomba “dawa ya ganzi”. Vidonge vingi vinavyotolewa kwa jina hilo ni mchanganyiko wa B1, B6 na B12, na B6 iliyomo inaweza kufika miligramu 100 au 200 kwa kidonge kimoja, wakati mwili wako unahitaji takribani miligramu 1.3 kwa siku. B6 nyingi kiasi hicho, ikimezwa miezi na miezi, yenyewe huleta ganzi. Nimeona watu wakiongeza dozi kwa sababu ganzi haiishi, na hilo hunisikitisha kila mara.

Unachotaka ni B12 peke yake. Mahitaji ya mtu mzima ni mikrogramu 2.4 kwa siku, ila kidonge kina hesabu yake: kwa njia ya kawaida utumbo hupokea kama mikrogramu 1.5 hadi 2 tu kwa mara moja, na ziada inayobaki hupenya kwa asilimia 1 hivi. Ndiyo sababu vegani hushauriwa angalau mikrogramu 10 kila siku, au mikrogramu 2,000 mara moja kwa wiki. Daktari akikuta umepungukiwa, ataanza na sindano au dozi kubwa kuliko hizo, mfuate yeye. Unga wa ngano wa viwandani hapa nchini hurutubishwa, na B12 imo kati ya virutubishi vinavyoongezwa, lakini usijenge afya yako juu ya maandazi mawili ya asubuhi.

Sasa chipsi. Kilishe, mafuta yaliyokaangia kuku hayakudhuru zaidi ya yale yaliyokaangia viazi peke yake. Mabaki ya kuku yanayoganda kwenye chipsi ni kidogo mno kubadili chochote mwilini. Hapo pamebaki dhamiri yako, na wewe ndiye wa kuamua. Wapo vegani wanaokubali, wapo wasiokubali, na sitamlaumu yeyote. Jambo hubadilika kama una mzio wa samaki au kamba. Karai lililotoka kukaanga samaki linaweza kumletea mtu wa namna hiyo mshtuko wa hatari, na kumwambia muuzaji “niondolee samaki tu” hakumwokoi.

Kinachonitia wasiwasi kwako ni mafuta yenyewe na kilichokosekana sahanini. Mafuta yanayorudiwa siku nyingi huwa meusi, mazito, yanatoa povu na moshi hata kabla hayajapata moto vizuri. Ukiyaona hivyo, acha. Na sahani ya chipsi kavu ya gramu 200 ina protini gramu 6 au 7 tu. Mtu wa kilo 55 anayekaa ofisini anahitaji kama gramu 44 kwa siku. Wewe unayecheza, ukikadiria gramu 1.2 kwa kila kilo, unahitaji 66. Chipsi na soda zitakushibisha, utapanda jukwaani, na mwili utakuja kudai deni lake kwenye usingizi wako na misuli yako.

Ushauri wangu mkubwa ni huu: usiutafute mlo kwenye onyesho. Pale tafuta cha kushikiza tumbo, mlo uwe umeshaula. Bagamoyo hilo linawezekana kuliko sehemu nyingi, kwa kuwa upishi wa pwani umejaa vyakula vya mimea: maharage ya nazi, mbaazi, kunde, mchicha, matembele, wali wa nazi, mihogo na magimbi ya nazi ambayo kila mwezi wa Ramadhani yanajaa kwenye futari. Tatizo linakuja usiku kwa sababu anayeuza penye watu wengi huuza kinachoiva haraka juu ya makaa au kwenye karai na chenye faida, na hicho ni nyama na kuku. Chungu cha mbaazi hakimfai mtu anayehudumia foleni saa tatu usiku.

Kama onyesho ni saa mbili, pitia kwa mama ntilie saa kumi au kumi na moja jioni. Wali na maharage, bakuli la gramu 200 za maharage yaliyoiva lina protini kama gramu 17, wali unaongeza chache, na hapo umebakiza saa tatu za kusaga chakula kabla hujaanza kuruka. Protini hujengwa kwa vijenzi vidogo: jamii ya kunde ina kijenzi kiitwacho laisini ambacho nafaka hazina cha kutosha, nafaka zina methionini ambayo kunde zina upungufu nayo. Si lazima vikutane sahani moja, vikutane ndani ya siku inatosha. Kamulia limao au kula kipande cha nanasi baada ya kula, vitamini C yake husaidia mwili kuyachukua madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage. Nanasi za Kiwangwa zikiwa msimu huna kisingizio. Chai ya rangi na kahawa zisubiri saa moja hivi, kwa kuwa zinayazuia madini hayo.

Tui la nazi lisikudanganye. Linachukua nafasi ya maziwa kwa ladha tu. Protini yake ni ndogo na mafuta yake mengi ni yale yanayoganda kwenye baridi. Raha ya mbaazi za nazi iko kwenye tui, nguvu iko kwenye mbaazi.

Kuhusu kuuliza. Ukisema “sili nyama”, utaletewa samaki. Ukisema “wala samaki”, utaletewa matembele yenye dagaa wa kusaga, na mpishi hatakuwa amekukosea kwa makusudi, kwake dagaa ni kiungo. Basi uliza ilivyopikwa. Wali una samli? Maharage yametiwa kidonge cha mchuzi cha kuku au ng'ombe? Kisamvu kimeungwa na karanga au na kamba? Pilau usihangaike nayo: hata ukiondoa vipande vyote vya nyama, supu imeshaingia kwenye punje.

Vitafunwa navyo vina tabia zake. Bagia ndiyo rafiki yako mkuu. Ni unga wa dengu au kunde zilizosagwa, kitunguu, pilipili, bizari na chumvi, hazihitaji yai kushikana. Unga wa dengu mkavu una protini kama gramu 22 kwa kila gramu 100, kwa hiyo bagia tano sita na chatne ya nazi ni kitu cha maana, mradi chatne haikuchanganywa na mtindi. Kachori ni viazi, na hapo muulize muuzaji swali moja: “Mama, umezichovya kwenye nini kabla ya kukaanga?” Wengine hutumia uji wa unga wa ngano au dengu, wengine hupiga yai ili zisipasuke. Itazame na kachori yenyewe mkononi: rojo ya dengu hutoa ganda la manjano lenye vijipele, yai hutoa utando laini wenye nyuzinyuzi pembeni. Katlesi, achana nazo, karibu zote zina nyama au samaki na hupakwa yai. Vitumbua kwa kawaida ni mchele, tui, sukari, hamira na iliki, ila wapo wanaotia maziwa, hivyo uliza. Maandazi ya mtaani mengi hukandwa kwa maji au tui, ya hotelini mara nyingi yana maziwa na mayai. Mkate wa kumimina una mayai kwa kawaida yake. Chapati, tatizo ni siagi ya kopo, nyingine ina chembe za maziwa. Mayonezi ni mayai.

Muhogo wa kuchoma wenye chumvi, pilipili na limao ni salama kwako, ila mwambie mchomaji auweke pembeni mbali na mishikaki na asiupake kwa brashi ileile. Muhogo una wanga tele na protini kama gramu 1.4 tu kwa gramu 100, kwa hiyo usiule peke yake. Ule pamoja na karanga.

Na karanga ndizo nataka zisikosekane kwenye mkoba wako. Gramu 50, viganja viwili vidogo, zina protini kama gramu 13. Chagua zisizo na ukungu, zisizosinyaa wala kubadilika rangi, kwa sababu ya sumu ya aflatoksini, na ukiuma moja ikawa chungu iteme. Korosho nazo nzuri. Kashata za karanga au nazi huongeza nguvu ya haraka kati ya ngoma na ngoma, kasoro zile za maziwa. Vitu hivi vikavu havichachi, na mlinzi wa getini hakatazi kwa urahisi pakiti ya karanga kama anavyokataza hotipoti. Wali na maharage usivibebe asubuhi ukavila usiku. Chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili kwenye joto la kawaida, na joto letu la pwani si la mchezo. Kachumbari iliyokatwa tangu jioni, usile. Nanunua tunda zima likatwe mbele yangu, nawe fanya hivyo.

Madini joto utayapata kwenye chumvi iliyowekwa madini hayo, hakikisha ndiyo unayotumia nyumbani. Kalisi kwa kuwa umeacha maziwa na dagaa itafute kwenye ufuta, matembele na majani ya kunde. Mchicha una kalisi lakini mwili huipata kidogo.

Mwisho, watu wa kuzungumza nao. Kibanda umiza na viwanja vya maonyesho mara nyingi wauzaji ni walewale. Ukimwendea muuzaji usiku karai limeshawekwa, hana msaada. Mwendee asubuhi na agizo: “Mama, leo jioni niwekee bagia kumi, zikaange kwanza kabla ya kuku.” Hapo na suala la mafuta limekwisha, mradi karai limetiwa mafuta mapya. Wenzako watatu wakiagiza pia, wiki inayofuata ataleta bila kuambiwa.

Hotelini, anayefanya kazi ni kiongozi wa kikundi chenu. Kikundi kinapopatana malipo hupatana na chakula cha wasanii, na hapo ndipo sahani yako iandikwe, siku mbili tatu kabla. Asiandike “mmoja hali nyama”, mpishi atakutengenezea omleti kwa moyo mweupe. Aandike hivi: sahani moja ya wali mweupe uliopikwa kwa mafuta ya mimea, maharage au mbaazi za nazi, mchicha usio na dagaa, na matunda, bila mayai, maziwa, samli, siagi wala supu ya nyama au kuku. Siku ya onyesho mfuate mpishi mwenyewe mapema umkumbushe, kabla hajaanza kuunga.