Dada wa saluni ya Wete, usitoe hata mia kabla ya TIN

Dada, ngoja kwanza! Umeuliza mambo matatu: gharama za kuanzia zinakatwa vipi kwenye kodi, VAT itakuhusu au haitakuhusu, na leseni inachukua muda gani kutoka. Halafu ukamalizia kama mtu anayetaja hali ya hewa: "Milioni 11 nishazitenga, wiki hii naanza kununua, TIN na mambo ya risiti nitayashughulikia nikishafungua." Hapo ndipo nilipoinuka kitandani. Maneno hayo ni yangu, neno kwa neno, nilimwambia mke wangu jikoni. Yamenila.

TIN, namba yako ya mlipakodi, kwanza; pesa baadaye. Na kila pesa inayotoka irudi na karatasi yenye jina la biashara yako. Mengine yote nitakayosema ni maelezo tu; VAT na leseni tuyaache kwa siku nyengine.

Na yule mdau aliyekujibu hapo juu, akakuwekea habari za gharama za kuanzia, dola 5,000 kukatwa mwaka wa kwanza na zilizobaki kugawanywa miezi 180, hiyo ni sheria ya Marekani. Ni kweli, lakini ni ya kwao. Ukienda nayo kwa afisa wa TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania, huku Pemba, atakupa maji ya kunywa akuulize kama umekula. Kodi ya mapato huku kwetu ni jambo la Muungano, inakwenda kwa Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 na inakusanywa na TRA. ZRA, Mamlaka ya Mapato Zanzibar, ina yake, VAT na mengineyo. Usichanganye milango.

Haya, mkasa wenyewe. Nina duka la fotokopi na stesheni hapa Chake. Mtaji ulitoka kwenye karafuu, msimu ulikuwa mzuri na Mungu alitupa. Nilipeleka ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, zikapimwa, nikapewa karatasi: kilo, daraja, bei, jumla. Nimeitunza mpaka leo. Karafuu, kitu kinachoota mtini, ina karatasi. Mashine ya fotokopi ya shilingi 5,600,000 haina. Nikilifikiria hilo usiku nacheka peke yangu, mke wangu anageukia ukutani.

Jumla nilitumia 21,400,000 kabla ya kupiga kopi ya kwanza. Mashine na kompyuta tatu, 8,900,000. Kodi ya mlango, yaani pango, ya miaka miwili, 4,800,000. Fundi na vifaa vya dari, umeme na kaunta, 3,700,000. Kiyoyozi, meza na makabati, 2,600,000. Na 1,400,000 za usajili na za mtu nitakayemtaja sasa hivi, niachie nipumue.

Mtu huyo alijiita mshauri wa biashara. Shati jeupe, mkoba, kalamu mbili mfukoni. Alinishauri mambo matatu na yote matatu nayalipia. La kwanza, nisiandikishe jina la biashara, niandikishe kampuni, kwa sababu "kampuni ina heshima, utapata tenda." Tenda sijaiona. Nilichokiona ni kwamba ritani ya kampuni, zile hesabu za kodi za mwaka, lazima ithibitishwe na mhasibu mwenye CPA, cheti cha uhasibu, kila mwaka, na mhasibu hali karafuu, anakula pesa. La pili, "gharama zote za kuanzia zinafutwa mwaka wa kwanza, hutalipa kitu." La tatu ndilo hilo lako: "Wewe tumia, usijichoshe na karatasi, mimi nitazipanga mwisho wa mwaka." Mwisho wa mwaka ulipofika simu yake ikawa haipatikani. Na ada yake mwenyewe, laki tisa, hakunipa risiti. Hapo ningeshtuka, lakini nilikuwa mwekezaji bwana, wawekezaji hawashtuki.

Kwa hiyo nikenda kununua kabla ya kampuni kuzaliwa. Mashine nilifuata Kariakoo. Muuzaji akaniuliza kwa upole kabisa, "Bosi, bei ya risiti au bei ya kawaida?" Tofauti ilikuwa laki tisa. Laki tisa! Nikachukua bei ya kawaida, nikajiona mjanja kuliko Kariakoo nzima. Mzigo ukapanda meli, ukashuka Mkoani, ukaja Chake juu ya gari ya shamba umefungwa magodoro. Karatasi pekee niliyorudi nayo ni ya chakula.

Fundi wa dari yeye alinipa risiti, usimseme vibaya. Ni ukurasa uliochanwa kwenye daftari la skuli la mtoto wake, nyuma kuna hesabu za kuzidisha zenye alama za kosa. Imeandikwa "nimepokea 1,500,000 ya dari," saini kama kuku kapita, na doa la mchuzi pembeni. Hamna jina la duka langu, hamna TIN yake, hamna tarehe. Kiyoyozi na makabati ndivyo pekee vilivyokuwa na risiti za EFD, zile za mashine ya kodi, za halali. Tatizo alikwenda kununua shemegi yangu, zikatoka kwa jina lake.

Afisa wa TRA aliyekagua hesabu zangu alikuwa kijana mstaarabu. Sina neno naye, alifanya kazi yake. Alizitandaza karatasi zangu mezani kama mtu anayeanika dagaa.

"Hii ya nini, mzee?"

"Ya dari."

"Dari la nani?"

"La dukani."

"Duka halijaandikwa hapa. Na hii ya kiyoyozi, huyu ni nani?"

"Shemegi."

"Ni mwanahisa?"

"Ni kaka wa mke wangu."

Akaiweka upande wa zisizofaa, taratibu. Ule upande ulikuwa unakua, huu mwengine ulikuwa na stakabadhi ya usajili tu. Nikatoa simu nimuonyeshe meseji za kutuma pesa. Akaniambia meseji inaonyesha pesa imekwenda kwa mtu, haionyeshi imekwenda kununua nini wala kwa biashara gani. Sheria inataka gharama iwe imetumika kuzalisha mapato ya biashara hiyo na si kitu chengine, na mwenye kuthibitisha ni mimi. Nikamwambia kila mtu anaona mashine ipo, aje aiguse. Akasema anaamini ipo. Swali ni ya nani na imenunuliwa kwa kiasi gani.

Sasa tizama hesabu, maana ndipo penye maumivu. Baada ya kutupwa karatasi zangu, faida ya mwaka wa kwanza ikaonekana 6,400,000. Kampuni inalipa asilimia 30. Hiyo ni 1,920,000.

Na ningekuwa na karatasi? Hapa na lile neno la mshauri la "zinafutwa zote mwaka wa kwanza" linakufa vilevile. Kitu kinachokufaa zaidi ya miezi 12 ni matumizi ya mtaji, hukikati chote mara moja, unakikata kidogokidogo kama uchakavu. Kompyuta na vifaa vyake vinakwenda asilimia 37.5 kwa mwaka ya thamani iliyobaki. Samani na vifaa vya ofisi, asilimia 12.5. Kwa hiyo kompyuta zangu za 3,300,000 zingenipa 1,237,500 mwaka wa kwanza, na mashine ya fotokopi, ambayo ni kifaa cha ofisi, 700,000. Kiyoyozi na makabati, 325,000. Kodi ya mlango ya mwaka mmoja, 2,400,000, ya mwaka wa pili ingesubiri mwaka wake. Jumla 4,662,500. Faida ingebaki 1,737,500 na kodi yake 521,250. Mambo ya fundi hata siyahesabu, nisije nikalia.

Laki tano na ushei dhidi ya milioni moja na laki tisa. Nililipa 1,398,750 zaidi kwa ajili ya ile laki tisa ya Kariakoo na uvivu wangu. Tena huo ni mwaka wa kwanza tu. Wa pili mashine na kompyuta zingenipa milioni moja na laki tatu na ushei tena za kukata, nazo zikapita hivyohivyo. Mimi ndiye mwenye mashine ya fotokopi mji huu, watu wanakuja kwangu kutoa kopi za vyeti vya ndoa, na sina kopi ya risiti ya mashine yenyewe. Mke wangu kaiita jina siwezi kuliandika hapa.

Lakini haikuishia hapo. Ile kodi ya mlango, 4,800,000, nilimpa mwenye nyumba taslimu, barazani kwake, kahawa na kashata, dua ikasomwa. Hakuna aliyeniambia kwamba biashara ikilipa pango inatakiwa izuie asilimia 10 na kuipeleka TRA kwa jina la mwenye nyumba, yeye apewe kilichobaki. Kodi ya zuio. Usipozuia unadaiwa wewe. Nikadaiwa 480,000 na riba juu yake. Nikarudi barazani. Mzee akanisikiliza mpaka mwisho, akaniongezea kahawa, akasema, "Mwanangu, hizo ni zako na serikali." Hana kosa, pesa aliyopokea ndiyo tuliyokubaliana. Kwa hiyo dada, hiyo saluni kama umeshapata mlango, mkataba uandikwe kwa jina la biashara na muelewane na mwenye nyumba mapema habari ya asilimia 10, kabla ya kahawa.

Utaniambia wewe si kampuni. Kheri yako, na usikubali mtu akufanye kampuni kwa heshima. Mtu binafsi ambaye mauzo yake hayazidi milioni 100 kwa mwaka anatozwa kwa mauzo, yale watu wanayoyaita makadirio. Huko gharama zako hazikatwi hata ukiwa nazo gunia zima, ndiyo maana mwengine atakwambia risiti za nini. Sasa fikiri. Mwaka wa kwanza wa saluni umenunua viti, masinki, mashine za kukaushia, umeweka dari, na wateja ndio wanaanza kukujua. Faida huna, mauzo unayo. Sheria inakuruhusu kuyakataa makadirio na kuleta hesabu zako, ulipe kwa faida. Utaleta nini ikiwa karatasi ni za daftari la skuli? Hata ukibaki kwenye makadirio, mwenye kumbukumbu na asiye nazo hawatozwi sawa kwenye madaraja ya chini. Na huko mbele ukikua, viti vile vitataka kuingia kwenye uchakavu, utaulizwa vilinunuliwa bei gani na nani.

TIN ni bure. Usimpe mtu yeyote laki kwa jambo la bure, hata awe na kalamu tatu. Ukishaipata, kila dukani unaitaja kabla hujatoa pesa, risiti itoke na jina lako na namba yako. Risiti za EFD zinafifia, ukiiacha kwenye dashibodi ya gari baada ya miezi unabaki na karatasi nyeupe, kwa hiyo itolee kopi siku hiyohiyo. Njoo kwangu, nitakutolea bure, angalau mashine ifanye jambo la maana. Kumbukumbu zinatakiwa zikae miaka mitano. Mimi sasa nina boksi la viatu juu ya kabati, hakuna anayeruhusiwa kulishika, hata wajukuu wanalijua, wanaliita boksi la babu la kulia.

Muuzaji akikuuliza bei ya risiti au ya kawaida, chukua ya risiti na utabasamu. Fundi akisema hana risiti, mwambie aandike ankara yenye jina lake kamili, TIN yake, kazi, tarehe na jina la saluni yako, au mtafute fundi mwengine. Wapo. Huyo wa kwanza atakasirika siku mbili.

Umeandika kwamba wiki hii unaanza na masinki. Hebu nambie kabla sijalala: fundi wa masinki umeshampa kianzio, au bado?