Dizeli inakosa nguvu mlimani

SWALI: Fundi shikamoo, niko Kigoma mjini, nina pikapu ya dizeli ya komoni reli (nozeli zote zinalishwa na bomba moja la presha kubwa), tambarare inaenda freshi ila nikianza kupanda milima ya kwenda Kasulu inakata nguvu, moshi mweusi, taa ya injini inawaka. Nikizima nikawasha tena inakaa sawa kidogo. Nimeambiwa nibadilishe nozeli zote nne, nifanyeje?

JIBU: Marahaba ndugu yangu, nakuomba usinunue nozeli kwanza, hela nyingi hiyo. Kuzima ukawasha nguvu zikarudi, hapo mara nyingi ni kompyuta ya gari inajilinda, kwa hiyo isomwe kwa mashine na kodi za hitilafu (namba zinazoonyesha tatizo) uziandike kabla hazijafutwa.

Moshi mweusi maana yake dizeli imezidi hewa. Injini ikipoa pitisha vidole chini ya hozi inayotoka kwenye turbo kwenda intakula (kipoza hewa ya turbo), ukigusa pana mafuta mafuta na vumbi limegandia ikunje hapohapo, ufa unajifungua kama mdomo, kwenye tambarare hausumbui sana ila mlimani turbo ikisukuma hewa yote inatokea pale. Hozi ni nzima? Angalia filta ya hewa, halafu valvu ya EGR, ile inayorudisha sehemu ya moshi kwenye injini, ikijaa masizi inakwama wazi.

Nozeli zenyewe zinapimwa kwa chupa nne kwenye mipira ya kurudisha mafuta, inayojaa haraka kuliko wenzake ndo mbovu. Ila tafadhali sana, asilegeze mtu bomba la presha injini ikiunguruma, mle presha inaweza kupita bar 1,000, dizeli inapenya ngozi.